Jantar Mantar ya Jaipur: nenda jua likiwaka, na uzi mfukoni

Kituo hiki cha falaki nchini India kina vyombo 19 vikubwa vya kudumu, na uzuri wake ni kwamba bado vinapima. Anayeingia siku ya mawingu ataona ngazi zinazoishia hewani na mabakuli matupu ardhini. Jua likiwaka, ataona muda ukitambaa juu ya jiwe.

Aliyekijenga ni Maharaja Sawai Jai Singh II, mtawala aliyekuwa chini ya dola ya Mughal. Hata majedwali yake ya nyota yalipewa jina la mfalme mkuu, Muhammad Shah. Alianza na vyombo vya shaba, lakini vilikuwa vidogo mno kuchorwa migawanyo ya dakika, na mihimili yake ililika hata kitovu kikahama. Ndipo akageukia mawe na chokaa.

Anzia Samrat Yantra, saa kubwa ya jua. Ukuta wake wa pembetatu una kimo cha mita 27 hivi. Ukingo wake wa hanamu umeinuka nyuzi (digrii) 27, sawa na latitudo ya Jaipur, kwa hiyo unalenga ncha ya kaskazini ya anga. Kila ubavu una robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15 hivi. Asubuhi kivuli huangukia ile ya magharibi, alasiri ya mashariki. Saa moja ni karibu mita 4 za marumaru, dakika ni sentimita 6 na ushei, sekunde ni milimita moja. Inama, ukitulie macho kivuli: utakiona kikisogea.

Hapo ndipo wengi hukosea. Jua si nukta, lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo mpaka wa kivuli hufifia taratibu katika sentimita 14 hivi, yaani dakika 2 nzima. Ukikisia kwa jicho, hutapata ule usahihi wa sekunde 2 ambao chombo hiki husifiwa. Nyoosha uzi mwembamba sambamba na ukingo wa ukuta, sentimita 1 au 2 juu ya kipimo, uusogeze polepole kuelekea gizani. Soma pale kivuli chake kinapomezwa. Rudia mara tano, chukua wastani.

Usiilaumu saa hii kwa kutolingana na simu yako. Saa rasmi ya India hufuata longitudo ya nyuzi 82.5, na Jaipur iko kwenye 75.8, kila nyuzi ni dakika 4, basi ongeza dakika 27. Jua lenyewe nalo haliendi sawasawa mwaka mzima: katikati ya Februari tofauti hufika dakika 41, mwanzoni mwa Novemba hushuka hadi 11.

Kwa ubunifu, Jai Prakash ndiyo bora kuliko zote. Ni mabakuli mawili ya marumaru yaliyochimbiwa ardhini, mbingu iliyopinduliwa. Juu yake imening'inia pete, na kivuli chake huonyesha mahali jua lilipo. Palipokatwa njia katika bakuli moja, lingine lina marumaru, hivyo mtazamaji hupita katikati bila kupoteza kipande cha anga. Usiku mtazamaji alilenga nyota kwa jicho kupitia pete hiyo.

Vyombo 12 vya Rashivalaya, kimoja kwa kila buruji (alama ya zodiaki), vinataka subira: kila kimoja kina wakati wake tu. Mwenye saa moja avipite, arudi Samrat na uzi wake.