Blogger kwa anayeanza na simu tu: mwaka wa 3 sasa naitumia

Wadau, mwezi huu kuna watu kama wanne wamenitumia meseji wakiuliza kitu kilekile, nataka kuanza blogu yangu naanzia wapi, inakula hela kiasi gani, na je laptopu ni lazima. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike hapa yote ninayoyajua kuhusu Blogger, maana ndo ninayoitumia, ile ya Google ambayo anwani yake inaishia na blogspot.com. Nipo Bagamoyo, naandikia kwenye simu, na blogu yangu inahusu maneno ya mafundi mashua na wavuvi. Mkuku, taruma, fashini, deheni, bamvua, maneno ya vyombo na bahari ambayo mjomba wangu anayatamka kutwa nzima akiwa kazini na watoto wake wa kuwazaa hawayajui.

Ila kabla ya hii nilikuwa na blogu nyingine na lazima niisimulie, bila hiyo hamtaelewa kwa nini naisifia Blogger hivi. Nilimlipa fundi mmoja wa tovuti laki moja na themanini anitengenezee kila kitu, domeni yangu (anwani ya kulipia), hostingi ya mwaka (mahali blogu inapohifadhiwa), muonekano mzuri kabisa. Nikaandika mwaka mzima, posti 23. Mwaka ukaisha, hostingi ikatakiwa ilipiwe upya, kumbe domeni kaisajili kwa imeli yake yeye, bili zinaenda kwake, paswedi anazo yeye, na namba yake ya simu haipatikani tena. Siku hiyo nafungua nakuta ukurasa mweupe tu. Kati ya zile posti kulikuwa na nne nilizoandika baada ya kukaa na mzee mmoja msukaji wa madema pale ufukweni karibu na soko la samaki, siku nzima ananionyesha vipi unaanza kusuka mdomo wa dema ili samaki akiingia asitoke, na mzee yule alikuwa keshafariki. Hela ilishaondoka, haikuniuma sana. Yale maneno ya mzee ndo yaliniuma.

Kuna dada mmoja akanielekeza niingie web.archive.org. Ni ya Internet Archive, shirika la Marekani ambalo tangu 1996 linatunza nakala za kurasa za mtandaoni, unaandika anwani yako ya zamani inakuletea ukurasa ulivyokuwa tarehe fulani. Nikapata posti 9 kati ya 23, mbili za mzee zikiwemo. Nilizikopi usiku uleule sikulala mpaka zimeisha. Kama na wewe umewahi kupoteza blogu jaribu hapo kwanza kabla hujakata tamaa.

Kwa iyo nilipotaka kuanza upya nilikuwa na swali moja tu, je mwezi ambao sina hela blogu yangu itabaki hewani? Kwa Blogger inabaki. Hulipii hostingi, hulipii anwani, hakuna siku ya mtu kukudai. Nimekaa miezi mitatu mwaka jana bila kuandika chochote, mama alikuwa anaumwa na hela yote ilikuwa inaenda hospitali, nimerudi nimeikuta blogu ilivyo na watu walikuwa wanaendelea kuisoma. Kwangu mimi hicho ndo kitu cha kwanza na mengine yote yanafuata.

Watu wanasema Blogger ni ya kizamani na ni kweli. Ilianzishwa 1999 na kampuni ndogo ya Marekani inaitwa Pyra Labs, Google wakainunua 2003. Hata huku kwetu wale wa mwanzomwanzo walipitia humo, blogu ya mpiga picha Issa Michuzi iliyoanza 2005 tuliisoma wote kwenye blogspot, enzi zile mwanablogu Ndesanjo Macha na wenzake wanahimiza watu waandike mtandaoni kwa Kiswahili. Mi uzee wake siuoni kama kasoro. Kitu kimekaa miaka zaidi ya 20 kikiwa cha bure, afu hakina mbwembwe nyingi za kula bando, kwa mtu anayeanza hiyo ni faida kubwa.

Sasa kufungua. Unaingia blogger.com kwenye Chrome, unatumia Gmail yako, inakuuliza jina la blogu, afu anwani, afu jina lako wewe litakaloonekana kwa wasomaji, basi umemaliza. Ila hapo kwenye Gmail simama kwanza. Wengi wetu Gmail tulifunguliwa na kijana wa duka la simu siku tunanunua, paswedi hatuijui na pengine namba ya kurudishia akaunti ni ya kwake. Kama ndo hivyo fungua Gmail mpya leo, paswedi uiandike kwenye daftari la nyumbani, namba ya simu iwe laini unayoitumia kila siku. Yaliyonikuta kwa yule fundi ni jambo hilohilo, funguo zilikuwa mfukoni kwa mtu mwingine.

Anwani nayo usiharakishe. Mi nilikaa siku mbili, nafikiria jina, namtamkia mdogo wangu kwa mdomo afu namwambia aliandike kwenye simu yake, akikosea herufi naliacha natafuta jingine. Fupi, bila namba, bila vistari. Unaweza kuibadilisha baadaye lakini linki zote ulizokwisha kuzigawa WhatsApp na Facebook zinakufa, hazimpeleki msomaji kwenye anwani mpya.

Muonekano chagua mmoja wa ile ya humohumo ndani. Kuna minne waliyoileta 2017, Contempo, Soho, Emporio na Notable, yote inakaa vizuri kwenye simu. Nimechukua Soho nikabadilisha rangi tu nikaendelea na kazi. Templeti, yaani mionekano, za bure za kudownload huko nje ziogope, nyingine zina linki za watu zimefichwa ndani ya msimbo wake na wewe hujui unamtangaza nani. Na usikae wiki nzima unabadilisha rangi wakati hujaandika hata posti moja, nimeona watu wengi sana blogu zao zimeishia hapo.

Kuandika kwenyewe, bonyeza kile kitufe cha rangi ya chungwa chenye alama ya kujumlisha unaanza. Mi siandikii humo moja kwa moja, naandika kwanza kwenye programu ya simu ya kuandikia kumbukumbu (Notes), ile haitaki hata intaneti, naandika nikiwa kwenye daladala, nikiwa nasubiri mjomba ale, afu nikimaliza nakopi naweka. Ukikopi namna hiyo mara nyingine maandishi yanakuja na ukubwa na rangi za kule yalikotoka, aya moja kubwa nyingine ndogo, na anayeanza anadhani kaharibu. Hujaharibu, chagua maandishi yote afu tafuta kwenye menyu kitufe cha kuondoa fomati, kila kitu kinakaa sawa.

Picha ndo nataka tuelewane vizuri. Picha ya simu za siku hizi inafika MB 4 mpaka 5, ukipandisha sita kwa posti moja bando lako linakwisha, na msomaji mwenye bando dogo zinaweza kumchelewesha asirudi. Njia yangu ni rahisi, najitumia picha mwenyewe kwenye WhatsApp ile ya kawaida sio HD, naisevu tena, inakuwa imepungua sana na kwa macho huoni tofauti. Nina picha moja ya mikono ya mjomba akikalafati mashua, yaani akiziba nyufa zake, pamba imezungushwa kidoleni, inang'aa mafuta, patasi imeelekea kwenye ufa wa mbao na nyundo iko hewani. Imepunguzwa hivyohivyo kwa WhatsApp na bado unaona hadi utomvu kwenye kucha. Chini ya kila picha andika maelezo, sema ni nani, wapi, anafanya nini, kwa sababu baada ya miaka mitano hata wewe utakuwa umesahau.

Weka lebo pia. Mi nina lebo tano tu, chombo, bahari, samaki, upepo na watu. Mtu akibonyeza bahari anapata posti zote za bamvua na maji mafu kwa mkupuo, akibonyeza upepo anapata za kusi na kaskazi. Komenti ziwekee ulinzi wa kuzipitia kwanza, la sivyo zinajaa matangazo ya mikopo na dawa za nguvu. Na kwenye takwimu iambie isihesabu unapoingia wewe mwenyewe, maana wiki ya kwanza utafurahi una wasomaji 60 kumbe 50 ni wewe.

Nakala ndo kitu sitaki mtu asahau. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupakua nakala ya blogu yote, maandishi yako yote yanakuwemo ila picha usizitegemee humo, picha zitunze kwingine. Kila tarehe moja napakua, najitumia kwa imeli na nyingine namtumia mdogo wangu. Siwezi kurudi kwenye yale ya kwanza.

Na nasema hivi nikijua Google sio mjomba wa mtu. Waliifunga Google Reader, ya kufuatilia blogu, 2013, wakaifunga Google+, mtandao wao wa kijamii, 2019, na kitu cha bure mwenyewe anaweza kukifunga akiamua. Halafu toka Desemba 2023 walianza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa miaka 2, kwa iyo hata kama umechoka kuandika ingia kwenye Gmail yako mara mojamoja. Upungufu mwingine ni kwamba mionekano ni michache, hakuna zile programu za kuongezea kama kule kwa mshindani wake WordPress, ukitaka kuweka duka au fomu ya malipo utahangaika sana. Kwa kazi hiyo Blogger haifai, nasema wazi.

WordPress iko mbili na hapa watu wanachanganya. Kuna ya wordpress.com unayofungua bure kama Blogger, ni nzuri, ila kwenye ile ya bure wanaweka matangazo yao na anwani inabeba jina lao. Na kuna ile programu yenyewe unayoiweka kwenye hostingi yako, ambayo ina nguvu sana, lakini hapo unalipa domeni, unalipa hostingi, unasasisha mwenyewe, na ukikosa hela mwaka wa pili imeondoka. Kama una biashara na unaingiza nenda huko, ila domeni isajiliwe kwa jina lako na imeli yako, ukiwa umekaa palepale unaangalia kwa macho. Anayeanza tu, anayetaka kujua kama kuandika anakuweza, aanze na ya bure. Hata Blogger ukija kununua domeni yako baadaye unaiunganisha, na anwani ya blogspot inawapeleka wasomaji kwenye mpya yenyewe.

Kuhusu sheria, kwa sisi wa Tanzania. 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukijumlisha ada ilikuwa inafika kama shilingi milioni 2 na laki 1, na blogu nyingi zilinyamaza kipindi kile, nyingine hazikurudi mpaka leo. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo, kwa iyo usisikilize ya mtaani, soma zilizopo sasa kwenye tovuti ya TCRA au waulize wenyewe, hasa kama unataka kuandika habari na matukio. Mi niliuliza kabla sijaanza hii ya pili.

Pesa? Matangazo ya AdSense, yale ya Google, hawakulipi mpaka zifike dola 100, na blogu ya mambo ya mashua yenye wasomaji kama wangu haifiki huko karibuni. Sijaweka. Nilichopata ni kingine. Niliandika posti kuhusu deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo, akaja mama mmoja yupo Maskati, akakomenti kwamba babu yake aliyekuwa nahodha alikuwa anaita shahamu, na akakumbuka harufu yake ikichemshwa ufukweni asubuhi. Nikampelekea mjomba simu asome. Alisoma mara mbili, akasema shahamu ni yale mafuta yenyewe, yakishachanganywa na chokaa ndo deheni, mwambie, andika. Nikaandika, yule mama akajibu, mjomba naye akajibu tena kupitia kwangu, ikawa wiki nzima wanajibizana watu ambao hawajawahi kuonana. Mjomba hajawahi kugusa intaneti maisha yake yote na sasa hivi ananiuliza kila jioni, yule wa Maskati kaandika nini.

Gharama zangu mpaka leo ni bando tu, la wiki, ambalo ningelinunua hata kama sina blogu. Nyota 4 kati ya 5 naipa, ile moja nimeibakiza kwa hiyo mionekano michache na kwa kuwa mwenye nyumba ni Google sio mimi. Mwenye kukwama kwenye kufungua aniulize hapahapa, aseme tu anatumia simu gani na amefika hatua gani, ntamjibu usiku nikitoka ufukweni.