Sabufa inakwaruza: utengeneze spika au ununue nyingine?

Fundi mzuri wa Kisumu atapima kwanza, hafungui pochi yako kabla ya kufungua sabufa. Nyaya zikichomolewa, spika ya ohm 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma 3 na kitu kwenye mita. Isiposoma chochote, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Kisha sukuma koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika) polepole kwa vidole vya mikono miwili, uzito sawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku.

Kama ni ukingo wa sponji unaozunguka koni tu uliochanika, tengeneza bila kusita. Joto na unyevu wa huku ziwani huila sponji, ilhali sumaku na koili hubaki nzima. Dai ukingo wa mpira, hudumu zaidi. Koni ikae katikati kabisa, na gundi iachwe ikauke usiku kucha. Tafadhali usimharakishe fundi hapo.

Koili ikiungua, mimi ningenunua spika nyingine. Kusuka upya kunawezekana, ila koili ikinenepa kidogo tu mkwaruzo unarudi. Mpya ilingane kipenyo na ohm: ukiweka ya 4 mahali pa 8, amplifaya inaweza kuungua.