Sanduku Lililopakiwa kwa Jasho: Mavazi ya Familia kwa Usiku Saba Melini Ghuba

Tulipanda meli Dubai mwishoni mwa Desemba tukiwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amewahi kulala baharini ingawa amezaliwa na kulelewa Kibokoni, hatua chache kutoka majini. Safari ilikuwa ya usiku saba, ikipitia Abu Dhabi, Doha, Khasab na Muscat kabla ya kurudi Dubai. Kuhusu chakula na michezo ya watoto sina la kulalamikia. Tathmini yangu ni ya jambo lililotusumbua kabla hata hatujapanda ndege, yaani nguo: tulibeba nini, nini kilivaliwa kweli, na ni wapi huduma ya meli ilitusaidia au ilitukwaza.

Wakala aliyetukatia tiketi alitutumia ukurasa mmoja wa maelekezo uliosema tubebe nguo nyepesi za kuvaa wakati wa joto. Simlaumu sana, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tayari kuamini. Desemba Mombasa ni wakati wa kaskazi, na mtu anayepanga sanduku huku feni ikizunguka kwa kasi ya mwisho na jasho likimtiririka mgongoni, mkono wake hauendi kwenye sweta. Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, na baridi ya baharini je?" Nikamjibu, "Mama, tunakwenda Uarabuni." Akanyamaza, akakunja shali lake la sufu na kulitia mkobani.

Ghuba majira hayo ina baridi yake. Mchana Dubai hufika nyuzi 25 hivi, jua zuri la kutembelea, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 16 au chini yake, na siku ambazo shamal inavuma, ule upepo utokao kaskazini-magharibi, sitaha ya juu huwa kama Limuru mwezi wa Julai. Jioni ya kwanza meli ilipokuwa ikitoka bandarini, abiria kutoka Ulaya walivaa vikoti vyao na kupiga picha za taa za jiji. Sisi tulikuwa watu sita tuliojifunika leso nne, na mtoto mdogo yumo ndani ya shali la bibi yake. Kukimbilia ndani hakukusaidia, kwani kiyoyozi cha ukumbi wa chakula kilikuwa kikali kuliko upepo wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu magauni, hesabu sweta moja na koti moja jepesi la kuzuia upepo kwa kila mtu, watoto kwanza.

Nguo iliyotuokoa wiki nzima ni leso. Nilinunua jozi tatu katika Mtaa wa Biashara nikidhani zitakuwa za kulalia tu, zikageuka kuwa shuka la kutandika ufukweni, mtandio wa dharura, pazia la kumbadilishia mtoto nguo na kifuniko cha magoti wakati wa chakula. Huko Khasab, tulipopanda jahazi kwenda kutazama pomboo katikati ya milima ya Musandam, mwanangu wa miaka 8 alilowa maji ya chumvi kuanzia kifuani hadi miguuni, na leso moja ilitosha kumkausha, nyingine kumvisha hadi tuliporudi melini. Ukiifua usiku na kuitundika kwenye kamba nyembamba iliyo juu ya bafu, asubuhi imekauka. Suruali za jinzi nne tulizobeba hazikuweza hayo. Moja ilikaa na unyevunyevu siku mbili.

Kwa familia ya Kiislamu, vituo vya safari hii ni vyepesi kuvalia kuliko vya Ulaya, lakini si vya kuendea ovyo. Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, yote miwili inadai mwanamke afunike nywele, mikono na miguu, na mwanamume asiingie na kaptula. Abiria kadhaa wa meli yetu walizuiwa mlangoni kwa sababu hiyo. Sisi tulikuwa na madera na buibui, basi hatukupata taabu, ila jambo moja dogo lilinipita: soksi. Viatu huvuliwa, na sakafu ya marumaru asubuhi ya Desemba hung'ata nyayo za mtoto wa miaka minne mpaka akataka kubebwa. Alitulia tulipofika kwenye zulia la ukumbi wa Muscat, kipande kimoja chenye uzito wa tani 21 kilichofumwa kwa miaka minne, akajilaza juu yake kana kwamba yuko nyumbani.

Usiku wa mavazi rasmi ulikuwa mara mbili, na hapo ndipo tulipojaza sanduku bure. Mume wangu alibeba suti kamili, akaivaa mara moja huku akilalamika shingo inambana, na mara ya pili akavaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya viua, akapokewa mlangoni kwa heshima zote. Mimi nilivaa dera la hariri lilelile mara zote mbili nikibadilisha mtandio, na hakuna aliyejua wala aliyejali. Huko Muscat, katika soko la Mutrah, mzee mmoja aliyekuwa akiuza kofia za Kiomani aliisifu ile kofia ya mume wangu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, kisha akamuuzia nyingine.

Lawama yangu kubwa kwa huduma ni ya dobi. Pasi haziruhusiwi vyumbani kwa kuhofia moto, jambo ninalolielewa, lakini meli yetu haikuwa na chumba cha abiria kujifulia wenyewe, na bei ya kufuliwa nguo mojamoja ilikuwa ya kutisha. Siku ya nne ilikuja ofa ya kujaza mfuko mmoja kwa bei maalumu. Kama tungeambiwa mapema, tungebeba nguo za siku nne badala ya nane. Kwa hilo, na kwa ule ukurasa wa nguo nyepesi, ninaipa meli nyota nne badala ya tano.

Nguo za kuogelea ziwe za kitambaa cha kuogelea hasa. Vazi la kufunika mwili wote la binti yangu lilikubaliwa bila swali, lakini mama mkwe, aliyetaka kuingia bwawani na dera lake la pamba, aliombwa kwa adabu abaki ukingoni. Nguo hizo zitiwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu siku ya kupanda, masanduku hupokelewa gatini na kuletwa chumbani saa nyingi baadaye. Yetu yalifika baada ya magharibi, huku watoto wakiwa wameshinda kutwa wakiwatazama wenzao wakiogelea.

Siku ya mwisho utaratibu huo hugeuka kinyumenyume. Masanduku hutolewa nje ya mlango usiku, hubebwa abiria wakiwa wamelala, na mtu huyakuta gatini asubuhi. Mume wangu, ambaye akiambiwa jambo hulitimiza lote, alikunja kila kitu, akafunga, akatoa. Alfajiri akabaki na kikoi alicholalia, fulana ya ndani na vile viatu vyeusi vya usiku wa rasmi, ambavyo havikuenea sandukuni. Mama mkwe alikuwa ameacha dera lake la asubuhi mkobani tangu jana yake, akalivaa bila kusema neno. Hivyo ndivyo tulivyoshuka Dubai. Ofisa wa uhamiaji alimtazama mume wangu kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akaitazama pasipoti, akagonga muhuri.