Kopo la fuwele kwa maji magumu ya Tanga: kwa hita linafaa, kwa birika hapana

Maduka ya vifaa vya mabomba yanauza kopo la plastiki angavu, lingine refu la inchi 10, lingine fupi la kuingia kiganjani, lililojazwa fuwele nyeupe. Fuwele hizo ni polifosfeti. Muuzaji husema kopo linatoa chokaa kwenye maji. Halitoi. Chokaa inapita kopo na kuingia nyumbani kama ilivyokuwa. Kinachotokea ni kwamba fosfeti kidogo inayeyuka, inaishika kalisi (madini yanayofanya chokaa hiyo) na kuizuia isigande kwenye koili inayopasha maji ndani ya hita. Ukishalijua hilo, unajua pia kopo lifungwe wapi na wapi ni kutupa pesa.

Kwanza jua maji yako yanatoka wapi. Maji ya bomba ya Tanga mjini ni ya Mto Zigi, yanachukuliwa bwawa la Mabayani, na mto huo unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki ambako miamba haina chokaa nyingi. Wanaoumia zaidi ni wenye visima virefu upande wa Pongwe, Maweni na Amboni. Huko chini ni jiwe la chokaa, lile lile linalochimbwa kwa saruji, na lile ambalo maji yalilila hadi yakaacha mapango ya Amboni. Maji yanayopita humo hubeba kalisi bikaboneti. Yakipashwa moto, hewa ya kaboni dioksidi inatoka na kalisi kaboneti inaganda penye joto zaidi, yaani juu ya koili. Koili iliyovaa gamba haiwezi kutoa joto lake nje, hivyo inazidi kuwaka ndani mpaka inakatika. Fundi ataandika "koili mbovu" na kukuuzia nyingine, nayo itakufa vile vile.

Dukani wanapenda kuchovya kile kipimo cha kalamu na kukuonyesha namba kubwa. Kalamu hiyo inapima chumvichumvi zote kwa pamoja, haitenganishi ugumu. Kisima cha karibu na bahari kinaweza kutoa namba ya kutisha kwa sababu ya chumvi ya kawaida, na kwa chumvi kopo hili halina dawa. Nunua karatasi za kupima ugumu: ukipata zaidi ya miligramu 180 za kalisi kaboneti kwa lita, maji ni magumu sana. Huna karatasi? Kwangua sabuni ya mche (ya unga itakudanganya, inatoa povu hata kwenye maji magumu), itie kwenye chupa yenye maji nusu, tikisa. Fanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua. Chupa inayobaki na ukungu wa maziwa na povu la kusuasua ndiyo yenye tatizo.

Kwenye ufungaji ndipo kopo zuri linapoharibiwa. Linakaa kwenye bomba la maji baridi kabla ya hita, mshale ukielekea yaendako maji, na valvu ya kufunga maji kabla hayajalifikia ili uweze kulifungua bila kumwaga simtanki lote. Kama kisima kinatoa mchanga, tanguliza filta ya mchanga. Lakini hesabu presha: kila mita ya mnara inakupa takriban baa 0.1, kwa hiyo simtanki lililo mita 3 juu ya shawa lina baa 0.3 tu. Filta ya matundu madogo sana, ya mikroni 5, ikianza kuziba, shawa ya umeme haiwaki kabisa, na lawama zinaiangukia hita. Kwa maji ya mnara chukua kopo kubwa na filta ya matundu makubwa zaidi, au weka pampu ndogo. Mpira wa duara unaoziba kopo upakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli huweza kuuvimbisha na kopo likaanza kuvuja. Kaza kwa mkono, ufunguo umalizie kidogo tu, maana plastiki inapasuka.

Lisiwekwe juani. Maji yakilala na fuwele kwenye joto, fosfeti inayeyuka kupita kiasi na fuwele zinagandamana kuwa ute. Ukirudi safari, mwaga maji ya mwanzo. Fuwele zikifika nusu, jazia. Zikiisha, kopo ni pambo ukutani.

Kwa shawa ya umeme kopo linapata alama ya juu. Kwa hita ya tangi iliyowekwa nyuzi 75, wastani, kwa sababu joto likipanda juu ya 60 polifosfeti inavunjika haraka. Shusha hita hadi 60. Mashine ya kufulia inayotumia maji ya baridi tu haihitaji kopo. Ongeza sabuni kidogo, basi.

Kwa birika la umeme ni bure kabisa, maana unachemsha na chokaa yote imo. Hapo dawa ni asidi ya sitriki: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, acha nusu saa, suuza. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji nayo inafanya kazi. Usichanganye yoyote kati ya hizo na jiki, hewa yake ni sumu. Na asidi ya betri isikaribie koili. Pasi ya mvuke ipewe maji ya mvua ya masika au vuli yaliyochujwa.

Sumaku za kubana kwenye bomba? Hatuzipendekezi, hakuna kinachobadilika cha kutegemewa.

Mwenye nyumba kubwa au gesti ya vyumba vingi aache kopo, anunue mtungi wa resini, yaani punje za plastiki zinazonasa kalisi, ambao unaiondoa kweli. Resini lita 10 kwa maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita huhudumia kama lita 1,600, kisha inaoshwa kwa chumvi kilo 1 hadi 1.5. Chumvi ya mawe ya pwani inafaa, ila iyeyushe na kuchuja kwanza, kwani mchanga wake unaziba valvu. Na uache bomba moja la jikoni lisipitie mtungi, kwa kunywa.