Mafunzo ya Kazi ya Pamoja Mjini Lamu: Siku ya Pili Ndiyo Iliyostahili Ada

Nilipowapeleka wafanyakazi saba wa nyumba ya wageni ninayoisimamia kijijini Shela kwenye mafunzo ya siku mbili ya kufanya kazi pamoja, haja yangu ilikuwa moja tu: mpishi na msimamizi wa vyumba waache kusemeshana kupitia kwa mlinzi. Ada ilikuwa shilingi 3,500 kwa kila mtu, chakula cha mchana kikiwemo, na ukumbi ulikuwa ghorofani katika mji wa kale, si mbali na uwanja wa Mkunguni.

Siku ya kwanza iliniudhi. Mkufunzi, kijana mwenye adabu, alitugawia hojaji ya mfumo wa VARK, ambao Neil Fleming na Colleen Mills waliueleza mwaka 1992, na ambao huwaweka watu katika mafungu manne: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia, kwa kusoma na kuandika, na kwa kutenda. Hadi hapo hapakuwa na neno. Kosa lilikuja alipowaketisha watu wa fungu moja meza moja hadi alasiri, kana kwamba ushirikiano hufundishwa kwa kuwatenga wale ambao kesho yake watalazimika kushirikiana. Wasomaji walijaza kurasa, watendaji walisinzia, na mpishi wangu, baada ya kuambiwa kuwa yeye ni mtu wa kutenda, alipata hoja mpya ya kutosoma orodha ya wageni wasiokula samaki. Isitoshe, mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti za suala hili, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaidika zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopangiwa. Jambo hilo halikutajwa ukumbini, na kwa ada ile nilitarajia litajwe.

Siku ya pili tulipandishwa mashua, safari hii tukiwa tumechanganywa na watu wa sehemu nyingine mbili za kazi. Nahodha alieleza kazi ya kila mtu kwa maneno, akaichora kwa mkaa juu ya ubao, akaifanya mwenyewe mbele yetu, ndipo akatuachia kamba. Sote tulilipata somo lilelile kwa njia kadhaa, bila ya yeyote kuulizwa ni wa fungu gani.

Tulipoanza kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, katika mkondo ulio kati ya visiwa vya Lamu na Manda, msimamizi wa vyumba alitoa amri tatu kwa pumzi moja. Mpishi, aliyeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, hakusikia hata moja kwa sababu ya upepo, na tanga likapigapiga huku chombo kikisimama. Wakalaumiana kwa sauti ambayo nyumbani hawajawahi kuitumia. Nahodha alinyamaza, na nadhani kunyamaza kwake kulikuwa sehemu bora ya mafunzo yote. Baadaye wenyewe walikubaliana kwamba amri iwe moja, iambatane na ishara ya mkono, na anayepewa airudie kabla ya kuvuta. Zamu iliyofuata chombo kiligeuka.

Tulipotua Manda, mkufunzi alieleza hatua nne za makundi alizozitaja mwanasaikolojia Bruce Tuckman mwaka 1965, yaani kuundwa, kuvutana, kuwekeana kanuni na kutenda, kisha akawataka washiriki wenyewe waseme walivutana wapi. Hakuna aliyehitaji kufikiri. Mpishi alimwambia, “Mwanangu, ungetuleta huku jana, ukatusomesha leo.” Kijana alicheka, akaliandika.

Jikoni kwetu sasa orodha ya wageni husomwa kwa sauti, na mpishi huirudia, mlinzi amepumzika. Natoa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka kujisajili aulize kwanza kama safari ya mashua ina hakika, kwani niliambiwa kwamba kundi la Julai lilirudishwa ukumbini kwa ukali wa upepo wa kusi, wala ada haikupunguzwa.