Hundi iliyorudi California: jinai au madai?

Hundi inaporudishwa na benki kwa kukosa fedha, aliyeipokea huko California, awe mtu binafsi au mwenye duka, ana milango miwili, na ubishi wa upi ni bora hauishi.

Jinai haimgharimu kitu, kwa kuwa serikali ndiyo inayoshtaki. Lakini ndiyo pia inayoamua iwapo kuna kesi, na ni lazima ithibitishe, pasipo shaka ya msingi, kwamba mwandikaji alijua akaunti ni tupu na alikusudia kulaghai, jambo ambalo ni gumu hasa kwa hundi ya tarehe ya mbele.

Kwenye madai ushahidi unaohitajika ni mwepesi zaidi. Mdai hutuma barua ya kudai malipo kwa posta yenye uthibitisho wa kutumwa (certified mail), na siku 30 zikipita bila kulipwa, anaweza kudai thamani ya hundi pamoja na fidia ya mara 3 yake, isiyopungua dola 100 wala kuzidi dola 1,500. Mahakama ya madai madogo husikiliza bila mawakili madai ya hadi dola 12,500 kwa mtu binafsi, ila kampuni huishia dola 6,250. Kukusanya fedha hizo ni kazi ya mshindi mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Anayejua mdaiwa wake anafanya kazi wapi atafaidika zaidi na madai. Aliyelaghaiwa na mtu anayebadilisha majina na anwani aanzie polisi. Asimtishie tu mdaiwa kwamba atamshtaki kwa jinai asipolipa, kwani tishio hilo lenyewe laweza kuwa kosa la jinai.