Laini ya malipo ya kabla: mtandao mzuri nje, hafifu ndani
Laini hii ya malipo ya kabla inastahili sifa kwa jambo moja kubwa: haina mkataba, na salio likiisha huduma husimama tu bila bili kukufuata mwisho wa mwezi. Tatizo liko kwenye mtandao. Ramani ya kampuni inaonyesha eneo lote limefikiwa, lakini ramani za aina hii kwa kawaida hukadiria mawimbi ya nje, ilhali ndani ya nyumba ya zege simu hubaki na mstari mmoja, kwa kuwa mawimbi ya masafa ya juu, kama yale ya megahezi 1800, hupenya kuta kwa shida zaidi kuliko yale ya 900. Vifurushi ni nafuu, ila muda ukiisha MB zilizobaki hupotea, jambo ambalo kwa maoni yangu si haki kwa mteja aliyekwisha kulipa. Kabla ya kununua, azima laini ya mtu uijaribu chumbani unakolala.